Tairi Pana la Yasini

Yasini alileta pikipiki yake ya spoti kwenye gereji ya Fundi Sadalla, Makorora, siku ya Jumatatu, akataka tairi la nyuma litolewe liwekwe pana zaidi. Lililokuwepo lilikuwa na upana wa milimita mia na hamsini. Alikuja na la mia na themanini pamoja na rimu yake, amevifunga kwenye shuka kama mtoto mchanga.

Sadalla hapendi mbwembwe. Alimwambia tairi pana halimfanyi mtu kuwa dereva, kisha akashika spana. Lakini kazi yake, jamani, ni kazi ya mtu anayemwogopa Mungu. Alichongesha bushi mpya ya kushikilia gurudumu, akasogeza sproketi ili cheni isikwaruze mpira, halafu akavuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili. Magurudumu yakakaa mstari mmoja.

Jumatano Yasini akarudi. Baada ya shikamoo na marahaba, alieleza kuwa mjini pikipiki haina neno. Ila kwenye ile barabara mpya ya lami, ukikaribia Kigombe, inanyanyuka. Inapanda juu shubiri moja, inapita hewani, inashuka taratibu. Mara saba. Akauliza kama labda upepo wa tairi umezidi.

Sadalla akapima upepo, ulikuwa sawa. Akavuta uzi tena. Ulinyooka. Basi akapanda nyuma, wakaenda kuangalia.

Walipofika penye mnazi uliokatika kichwa, pikipiki ilinyanyuka. Mngurumo wa injini ulishuka ukawa mdogo kama wa mtu anayeomba dua peke yake. Sadalla alisema Subhanallah, akaona machozi yanamtoka na hajui yametoka wapi. Ikashuka, ikapanda tena. Wauza madafu walitazama kidogo wakaendelea na madafu yao, walikuwa wameshaizoea.

Iliposhuka mara ya nne, Sadalla alimgusa Yasini begani asimame.

Kabla ya barabara, hapo palikuwa na makaburi saba, na la nne kutoka kwenye mnazi lilikuwa la mama yake, Bi Asmahani. Wenye makaburi waliambiwa yote yamehamishwa. Kila Alhamisi kwa miaka mitatu Sadalla amekwenda kwenye makaburi mapya, akamwagia maji penye kibao namba nne na kupanda mrehani. Hata shina moja halikushika.

Tairi jembamba lilikuwa likijipenyeza katikati ya makaburi. Hili pana halikuwa na pa kupita, na kaburi halikanyagwi. Malori hayanyanyuki, lakini malori hayakufungwa tairi na Sadalla.

Yasini alivua helmeti. Yeye ndiye aliyesimamia kule kuhamisha, na saini kwenye karatasi ni yake.

"Mlihamisha nini, Yasini?"

"Udongo, fundi. Mkandarasi alikuwa na haraka. Tulichukua udongo wa juu tu."

Sadalla alikwenda ofisini kwa mkandarasi. Walimsikiliza vizuri, wakampa na chai. Wakamweleza kuwa karatasi zinaonyesha makaburi yamehama, na kwamba lami haifukuliwi kwa sababu ya pikipiki. Alikunywa chai akaondoka.

Jumamosi Yasini aliomba arudishiwe tairi jembamba. Alisema hawezi kunyanyuliwa mara saba kila siku mbele ya watu wanaojua. Sadalla alimfungia, mteja ni mteja. Akavuta uzi, yakakaa mstari mmoja, na tangu hapo pikipiki inapita Kigombe kama pikipiki nyingine.

Alhamisi hakwenda kwenye kibao namba nne. Alikwenda barabarani na ndoo ya maji, akasubiri malori mawili ya kokoto yapite, akaingia katikati na kumwaga. Hakuna tone lililotiririka. Lami iliyanywa yote papo hapo, ikabaki kavu, maana Bi Asmahani alikuwa na kiu ya miaka mitatu.

Sadalla alitamani kuongeza ndoo nyingine, lakini lori la tatu lilikuwa linapiga honi, ikabidi alipishe njia.