Msiioshe Chupa Yangu

Nimekaa kiti cha mbele ukumbini, mkoba mapajani, namsikiliza mkuu wa kitivo akimsifu marehemu mume wangu, Profesa Merrill Thayer, na macho yananilemea, na sauti ya yule bwana inageuka ngurumo ya pampu ya maabara ya kunyonya hewa, ile iliyonilaza na kuniamsha ujana wangu wote, nami naifuata, nashuka ngazi, na ngazi haziishi, nashuka tu, mpaka nafika kwenye barabara ya kioo. Mbele kioo, nyuma kioo, na kila nikikanyaga kinanila kidogo, mara rangi ya nywele zangu, mara wimbo aliokuwa akiimba mama, maana kioo kipya kina njaa, hilo sisi watu wa fizikia ya kemia tunalijua: ukikitilia gesi kinaimeza kabla hujaipima. Kando yangu anatembea mtu asiye na uso, penye uso pamekuwa laini kama yai. Karibu, Daktari Adeline Voss, ananiambia. Nasimama ghafla. Jina hilo sijaitwa tangu niolewe. Kule juu mimi ni Bi Thayer, hata kwa muuza maziwa. Naitafuta chupa yangu, namwambia, ile ya mviringo yenye utando wa kahawia ndani, watu wa chuo wanataka kuiosha, nionyeshe njia. Ananijibu: Kitendawili. Nina haraka, lakini nasema, tega. Mwanangu akigusa ukuta anakufa, anasema. Nacheka kwa dharau, swali gani hili la kuniuliza mimi? Ni kipande cha molekuli, nasema, kinaishi muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kikigusa kioo kimekwisha. Mimi ndiye niliyepima umri wake. Niliilisha chupa ile moja gesi ileile, mwaka baada ya mwaka, bila kuiosha, kama kikaango cha chuma cha bibi yangu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukisugua, mpaka ikashiba, ikaota ule utando, na mwanangu akapata pa kuishi. Utando ukitoka, hakuna atakayeweza kurudia kipimo kile. Umepata, anasema asiye na uso, lakini jibu hilo limeshaandikwa jina la Profesa Thayer. Nipe mji.

Nampa mji nilikozaliwa, kule jimbo la Kansas, na hapohapo tumo ndani yake, umepinduka kama kwenye kioo, kanisa liko kushoto badala ya kulia, na baba yuko katika duka lake la dawa, hana uso lakini namjua kwa mikono. Ananinusisha chupa mojamoja kama zamani. Hii? Amonia. Hii? Mafuta ya karafuu. Una pua wewe, Addie, ananiambia, utampata mume mfamasia. Duka linafifia na kicheko chake, na mwenzangu ananitegea kitendawili kilekile, nami natoa jibu lilelile kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba shida ni masikio yake. Umepata, lakini lina jina la mtu. Nipe mji. Nampa mji wa chuo kikuu. Mitaa yake inajirudia, kila kona ni kona niliyotoka, na katika kila dirisha wamekaa wazee wa kamati wasio na nyuso, wanavuta kiko. Daktari Voss, wanasema kwa adabu, kanuni za chuo haziruhusu kuajiri mume na mke. Mwajirini mke basi, nasema. Kicheko chao kinapita dirisha kwa dirisha mpaka mwisho wa mtaa. Merrill anapewa ofisi. Mimi napewa ruhusa ya kufanya kazi bure katika chumba cha chini ya ardhi, na kila mwaka naambiwa nishukuru. Na nilishukuru! Nikikumbuka nilivyoshukuru nasikia uchungu mdomoni.

Kitendawili, anasema. Siitikii tena. Nipe mji, anasema. Umebaki ule wa chini ya ardhi tu, na huo simpi mtu, namwambia. Ulishautoa, Daktari, ananijibu, na sauti yake ina huruma, na huruma hiyo ndiyo inayonitia wazimu. Nasikia maji yakichuruzika. Nakimbia, mlango huu hapa, na Merrill huyu hapa, amenipa mgongo, amekunja mikono ya shati, yuko kwenye sinki, na chupa yangu iko mikononi mwake chini ya bomba. Merrill, funga maji. Hageuki. Sema basi, hapa tulipo wawili, kazi hii ni ya nani? Yako, Addie, anasema upesi, kama mtu aliyeulizwa saa, nani asiyejua? Dunia nzima haijui! Siku ile nilipopewa tuzo kwa kazi hii nilitaka kuwaambia, anasema, nilishafungua mdomo kabisa, lakini walikuwa wanapiga makofi. Nataka kumpiga, nataka kumkumbatia kwa kuwa amekufa na ninamkosa, na hasira inashinda. Naipokonya chupa, inateleza, na kuta zote za kioo zinaanza kupiga makofi.

Nafumbua macho. Ni ukumbini, wanapiga makofi kweli, na mkuu wa kitivo ameniinamia akitabasamu. Bi Thayer, anasema kwenye kipaza sauti, mama aliyehakikisha Profesa hakosi kahawa yake. Ananishika mkono, ananipeleka mezani. Chupa yangu iko juu ya kitambaa cha mahameli, mbele yake kibao chenye jina la Merrill, nayo inang'aa, tupu, naona ndani yake nyuso za walioketi upande wa pili. Tumeiosha wenyewe, ananinong'oneza kwa fahari, ilikuwa chafu kupita kiasi, ilibidi tutumie asidi. Naigusa. Ni baridi, na ina njaa kama siku ilipotoka kiwandani. Nageuka kumtafuta yule mwenzangu wa barabarani, aniambie kama hapa nako ni mji mwingine alioutwaa, lakini huku kila mtu ana pua na macho, na hakuna hata mmoja anayelijua jina langu. Kule hawakuwa na nyuso, na waliniita Daktari. Nililala wapi, nimeamka wapi? Maneno mawili tu, Bi Thayer, anasema mkuu wa kitivo, akinisogezea kipaza sauti. Nafungua mdomo niseme chupa hii ni ya nani, na wao wanapiga makofi.