Kichwa cha Kwenda Angani

Tangu yalipobaki majina mawili ya kuchagua mtu wa kwanza wa kwetu kwenda angani, saluni yangu ilijaa mpaka wasiotaka kusukwa. Jina moja lilikuwa la Mwalimu, yule dada mwenye kipindi cha watoto redioni. La pili ni la binti wa kaka yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi kwa kuwa anatengeneza mitambo ya hewa hospitalini. Mimi ni shangazi yake, kwa hiyo msiniulize nilikuwa upande gani.

"Aende Mwalimu," alisema Mama Pacha, kichwa chake ndani ya draya. "Akiongea yule, hata mtoto mtukutu anatulia. Fundi wako atatuambia nini? Skrubu imekaza?"

"Na bomba likivuja kule juu, Mwalimu atalisomea hadithi?" nikamjibu.

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka na roho juu. Kamati ya uteuzi ilikuwa imewaita wote wawili kesho yake kwa mahojiano ya mwisho, na msemaji wao, tuliyembatiza Bwana Picha, alimpigia Fundi simu: aje na nywele ndefu, nchi nzima itapenda kuziona zikielea. Mtoto aliitamani safari hiyo tangu ana miaka tisa. Nikanunua nywele za bandia, mafungu sita.

Alifika jioni kutoka kazini, mikono inanuka grisi. Nilikuwa nimesuka nusu kichwa draya ilipozima puu.

"Shoga, ulikuwa unanikausha au unanigandisha?" Mama Pacha akalalama.

Fundi akainuka hivyo hivyo, upande mmoja umesukwa, mwingine timtim. Akafungua mgongo wa draya, akachomoa chujio. Lilikuwa limevaa blanketi la nywele za wateja wa mwezi mzima. Kulisafisha ni kazi yake tangu yuko shule ya msingi. Safari hii alilitazama tu, akarudi kukaa nalo mapajani.

"Shangazi, ninyoe."

"Nikunyoe? Una wazimu? Si wamesema nywele!"

"Hapa zinaanguka sakafuni, unafagia. Kule hazianguki. Zinazagaa mpaka mtambo wa hewa uzinyonye."

"Si uzifunge?"

"Na hizi zilikuwa zimefungwa." Akaniinulia chujio. "Hili likiziba, Mama Pacha ananung'unika. La kule likiziba, watu wanne chomboni wanaishiwa pumzi. Na kwenye karatasi za kamati, nikienda, wa kulisafisha ni mimi."

"Watakunyima safari, mwanangu."

"Wanaweza. Nyoa, kabla sijabadili nia."

Nikawasha mashine ya kunyolea.

Kesho yake alasiri tulikuwa tumebanana humo humo alipoingia, tukamweka kitini asimulie. Alisema kwamba Bwana Picha alipokiona kile kipara, alijishika kichwa chake mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mhandisi, akauliza nywele ziko wapi. Fundi akatoa chujio kwenye mkoba, akaliweka mezani na uchafu wake wote.

"Chujio langu?" nikapiga kelele. "Kamati nzima imeona uchafu wangu?"

"Subiri, Shangazi. Mwenyekiti akamgeukia Mwalimu, akamwuliza yeye angefanyaje likiziba kule juu. Mwalimu akacheka, akasema, 'Ningewaeleza watoto vizuri sana jinsi tunavyokosa hewa. Mpelekeni huyu. Mimi niachieni redio, nitamhoji nikiwa chini.'"

"Enhe?"

"Wakanong'onezana."

"Sema, mtoto!"

"Naenda."

Mama Pacha aliruka na vigelegele, akajigonga kwenye draya.

Sasa hii ni wiki ya pili Fundi yuko huko juu. Picha yake imebandikwa kila ukuta, kipara kinang'aa, na Bwana Picha anatamba kwamba wazo lilikuwa lake. Wasichana wanapanga foleni mlangoni kwangu wanyolewe kama Fundi. Yale mafungu sita bado yamelala kabatini. Kabla ya kuondoka alinipigilia msumari ukutani, akaning'iniza burashi ndogo ya kusafishia chujio.

Jana draya ikazima tena.

"Pigeni simu angani!" Mama Pacha akapaza sauti.

"Tulia hapo," nikamwambia, nikichukua burashi. "Fundi yupo."