Pasipo na Mfupa

Fundi cherehani alikuwa amechoka hadi machozi yalikataa kutoka. Tangu mkewe aanguke ngazini na daktari kumtoa kipande cha fuvu juu ya sikio la kushoto, ili ubongo uliovimba upate nafasi, ni yeye aliyepika, akafua na kumlisha. Kitu kimoja tu alikikwepa, kumwosha kichwa.

“Baba watoto, nanuka,” mkewe alisema asubuhi hiyo. “Daktari ameshasema kidonda kimepona.”

“Hapo hapana mfupa, mke wangu. Ni ngozi tupu. Je, nikibonyeza?”

“Miaka yote unalalamika nina kichwa kigumu. Leo kimelainika, unakiogopa?”

Alicheka bila kupenda, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu. Vidole vyake vilipita kwenye paji la uso, vikafuata ukingo wa mfupa, vikafika pale palipobonyea. Chini ya ngozi palikuwa panadunda polepole. Hakuviondoa vidole, akaendelea kuosha.

“Hivyohivyo, taratibu,” mkewe alinong’ona, macho ameyafumba.

Alipokwisha kumkausha, alijilaza kando yake na shati lake lililolowa. Hakuna aliyeinuka kwenda kumwaga maji ya beseni. Walilala wote wawili hadi jua likageuka.