Gari la Watu Hamsini

"Mama Najiat, marehemu siku hizi anafanya kazi wapi?"

Pramila aliuliza hivyo siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, huku anapima nusu kilo ya choroko. Duka lake liko Gongoni, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Mwanahawa, na ujirani wao una miaka thelathini na moja. Bi Mwanahawa alijibu kuwa marehemu mumewe hafanyi kazi, yuko makaburini, mwaka wa tatu huu.

"Basi labda nimemfananisha," Pramila alisema. "Jana nimemwona karibu na stesheni. Amebeba gari. Upande wa kushoto, nyuma."

"Alivaa nini?"

"Sanda. Na reflekta juu yake."

Bi Mwanahawa alitia choroko kikapuni, akasema atakwenda kuangalia.

Habari za magari zilikuwa zinajulikana mji mzima. Tangu mwezi wa kwanza, chombo chochote cha petroli hakikuruhusiwa kuingia mjini. Amri ilipita mitaani kwa kipaza sauti, kwamba moshi umezidi, dunia inaungua, watu wote wahamie kwenye umeme. Pikipiki zilikusanywa, zikafungiwa kwenye ua wa Ofisi ya Usafiri Safi. Wiki hiyo hiyo ofisi ililetewa kwa treni magari meupe kumi na moja ya umeme. Nguzo za kuyachajia zikasimikwa. Waya haukuja. Na umeme wenyewe siku zile ulikuwa kama mgeni wa Ijumaa, unakula na kuondoka.

Magari yalikaa juani siku tisa. Siku ya kumi, baada ya alasiri, wapagazi walifika kwa njia ya Kwihara. Walikuja mstari mmoja, mia mbili na kitu, wale wale waliokuwa wakibeba pembe kupeleka pwani enzi za babu wa babu. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara wao, na bendera yake nyekundu iliyoliwa na mchwa. Walisema wamesikia kuna mzigo umelala njiani, na Mnyamwezi hapiti mzigo uliolala. Wakalipima gari kwa macho, wakasema ni frasila mia. Mpagazi mmoja hubeba frasila mbili. Kwa hiyo gari moja, watu hamsini. Walikata miti mirefu, wakaifunga chini ya gari, wakainua.

Tangu siku hiyo wakubwa walikuwa wanakwenda Isikizya kwenye vikao na kurudi. Walikaa ndani, mikanda wamefunga, vioo wamepandisha, jasho linawatoka. Dereva alishika usukani, kwa sababu kanuni inasema dereva ashike usukani. Ripoti iliandikwa kwamba magari yanatembea na hayajanywa hata tone la petroli. Yote mawili yalikuwa kweli.

Shida ni kwamba wapagazi walitosha magari manne tu. Wakubwa saba waliobaki walilalamika. Ofisi ikaziandikia kata zote zilete majina ya wanaume wasio na shughuli.

Jina la Awadhi, mume wa Bi Mwanahawa, lilipatikana hapo. Awadhi alikuwa fundi pikipiki, barazani kwake, miaka ishirini na sita. Akishawasha injini aliinama na kuweka pua kwenye bomba la moshi, maana alikuwa anasema injini mbovu unaijua kwa harufu. Mwisho kifua kikamshinda. Bi Mwanahawa alikaa eda yake mpaka ikaisha, hitima ikasomwa, lakini ofisi ya kata hakwenda kuandikisha kifo. Aliona Mungu anajua na imamu anajua, nani mwingine aambiwe? Wajane wengi wa Gongoni wamefanya hivyo hivyo. Kwenye daftari la kata Awadhi alibaki mkazi, mwanamume, hana shughuli.

Bi Mwanahawa alipofika makaburini alikuta kaburi la mumewe liko wazi. Udongo ulikuwa umesogezwa pembeni vizuri, kama shuka la mtu aliyewahi kazini. Makaburi ya jirani nayo vilevile. Bi Mwanahawa alisoma Fatiha, akaondoka.

Kesho yake alisimama kando ya barabara ya stesheni pamoja na Pramila. Dionis, aliyekuwa dereva wa bodaboda, alikuwepo na baiskeli yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkeo hajambo?"

"Hajambo. Kajifungulia hapo kwenye kona ya reli, juu ya keria ya baiskeli. Mtoto wa kike. Nikawaambia wale wa ofisi nirudishieni pikipiki siku moja tu, wakaniambia natia dunia moshi." Alitema mate pembeni. "Sisi tumenyang'anywa pikipiki, wao wamepanda mababu. Umeme gani huu unatoka jasho?"

"Lakini Dionis, moshi nao usiutetee," Pramila alisema. "Mapazia yangu yote meusi."

"Mapazia yako, mama! Mimi nazungumza watoto wanne, wewe unazungumza mapazia!"

"Na kifua cha mume wake je?"

Dionis alimtazama Bi Mwanahawa.

"Mimi sigombani na umeme," Bi Mwanahawa alisema. "Moshi ndio ulionilia mume. Wangevuta waya, ningekuwa wa kwanza kupanda. Nagombana na hao walioona bega la mtu linapatikana upesi kuliko waya."

Magari yakapita, moja baada ya jingine. Wapagazi wa zamani walikuwa wanaimba kwa Kinyamwezi na kwenda kwa hatua moja. Wafu wa Gongoni waliwafuata kwa kusuasua. Awadhi alikuwa upande wa kushoto, nyuma. Alikuwa anakohoa.

Kukohoa kule ndiko kulikomkasirisha Bi Mwanahawa. Siku mumewe alipokata roho, alimshukuru Mungu kwamba walau kikohozi kimekwisha.

Alkhamisi alivaa baibui lake jeusi, akajitanda kanga juu, akachukua barua ya imamu na kwenda ofisini. Afisa alikuwa kijana mpole, Bwana Eustace. Alimwamkia vizuri, akamvutia kiti.

"Nimekuja kumchukua mume wangu," Bi Mwanahawa alisema. "Arudi alipozikwa."

"Mama, sisi tunafuata daftari. Kwenye daftari huyu ni mkazi."

"Barua hii hapa. Aliyemswalia ndiye aliyeiandika."

"Barua ya imamu ni ya dini, mama yangu. Daftari ni la serikali. Kufuta jina lazima mhusika afike mwenyewe athibitishe."

"Athibitishe nini?"

"Kwamba amekufa."

"Yuko hapo nje, chini ya gari lako."

"Basi aitwe. Mimi sina kinyongo."

Awadhi aliitwa, akaingia, akapiga hodi akiwa tayari ndani, kama alivyozoea. Chumba kikanuka kafuri. Sanda ilikuwa imelika begani, na chini yake ngozi nayo imelika, mfupa unaonekana.

"Wewe ndiye Awadhi?" Eustace aliuliza.

"Ndiye."

"Umekufa?"

"Mwaka wa tatu."

"Na hapa umefikaje?"

"Kwa miguu."

Eustace aliandika taratibu, huku anasoma kwa sauti: mhusika amefika mwenyewe, kwa miguu yake, anajibu maswali. Akapiga muhuri.

"Sasa mama," alisema, "kwa maelezo haya mimi nitaandikaje kuwa mtu huyu ni marehemu? Hata wewe hebu niambie."

Bi Mwanahawa alisimama.

"Maiti ana haki nne kwa walio hai," alisema. "Aoshwe, avishwe sanda, aswaliwe, azikwe. Mimi ni mwanamke wa darasa la saba, lakini hizo nne nimefundishwa. Ya tano, ya kubebeshwa gari, umeisoma katika kitabu gani?"

"Mama, mimi sikutunga amri."

"Aliyeitunga yuko wapi?"

"Ana kikao Isikizya."

"Atafikaje huko bila huyu?"

Eustace alipanga karatasi zake, akasema kwa upole kwamba malalamiko yamepokelewa, ila magari mengine ishirini yako njiani, kwa hiyo asingeshauri mtu kutegemea nafasi kupungua.

"Usimgombeze, Mama Najiat," Awadhi alisema. "Naye ameandikiwa."

"Linauma?"

"Bega? Linauma. Wale wa zamani wamezoea, wana usugu. Mimi nilikuwa fundi. Sikuwahi kubeba."

"Na kifua?"

"Kifua ni kile kile."

Nje baragumu likalia. Gari la Eustace lilikuwa tayari, kikao cha Isikizya kinaanza saa sita. Awadhi aliinamisha kichwa kumuaga mkewe, akatoka kwenda kwenye mti wake. Walimsubiri ashike ndipo wainue.

Bi Mwanahawa aliivua kanga yake ya juu. Aliikunja mara mbili kwa urefu, akaisokota, akaizungusha mpaka ikawa ngata nene, ngata ya mtu anayekwenda mbali. Aliibonyeza kwa ngumi kuona kama imekaza, akaiweka begani kwake.

"Mama, huwezi," Eustace alisema, anafunga vifungo vya koti. "Huko wanabeba walioandikwa. Jina lako halimo."

Bi Mwanahawa alitoka, akaenda upande wa kushoto, nyuma, akaweka bega chini ya mti wa Awadhi.