Matope ya Chupa ya Kumi na Saba

Chupa ya kumi na saba ilikataa kuoa na kuolewa. Asubuhi nzima niliinamia hadubini nikitazama vijimea vyake vya kijani, vidogo kuliko vumbi, vikipishana na vile vya mtaa wa Mukuru kwa Njenga kama majirani walionuniana. Sikuona kimoja kikigusa kingine.

Ilikuwa mwaka 1983, nami nilikuwa fundi wa maabara chuoni, bado niko kwenye miezi ya majaribio. Dakta Omolo alitaka kujua vijimea vya wapi hukubali kuzaana na vya wapi. Basi tulikusanya matope huku na huku, tukavikuza vijimea vyake kwenye chupa, tukavinyima chakula, maana vikishiba havitafuti mwenzi, kisha tukavikutanisha. Kila chupa ilikuwa na lebo ya mistari mitatu: mahali, tarehe, mwenye shamba. Ya kumi na saba niliijaza mwenyewe pale mtaani Mowlem nilipokaa, kwenye pipa lililopandwa nduma, yaani magimbi, kando ya bomba. Mwenye shamba nikaandika kanjo, yaani baraza la jiji, nikasahau.

Vya Gikomba, jijini humo humo, vilizaana na vya Mukuru bila matata. Vyangu vilivikataa vyote viwili. Lakini nilipovichanganya na vya Kangema, kule Murang'a, haikupita saa moja vilikuwa vimeshikana mafungu mafungu.

Dakta hakupandisha sauti. Alisema vijimea vya jijini haviwezi kukataa majirani na kukubali vya Murang'a, kwa hiyo ama nimechanganya chupa, ama nimezijaza bila kutoka nyumbani, na kwamba fundi ambaye lebo zake haziaminiki hana kazi kwake. Akanipa hadi Ijumaa niwe na maelezo. Niliogopa kweli. Kwetu Mbooni walikuwa wameshasikia kwamba nimepata kazi ya chuo, na habari hiyo ilikuwa imeshachinjiwa mbuzi.

Pipa lilikuwa la jirani yangu Teresiah, jina la kwao Wangu, mjane aliyeuza mitumba Gikomba. Jumanne nilimuuliza nduma zake zilitoka wapi. Akasema sokoni. Jumatano nikamuuliza tena, akasema sokoni, na mlango ukafungwa. Alhamisi nilipomkuta akifua, nikamwambia ukweli wote: kwamba kesho nitafukuzwa kwa sababu ya matope yale. Aliacha nguo kwenye povu, akakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Mzee wangu alipokufa, shemeji zangu waliniambia nitoke na nguo za mwilini pekee," alisema. "Hilo shamba la mtoni nililima mimi miaka kumi na minane. Nikang'oa nduma sita, nikaweka kwa kiondo na matope yake. Wakisikia, watasema mimi ni mwizi."

Nikamuuliza ni mto wa wapi.

"Kangema, baba."

Sikumwomba aje. Lakini Ijumaa hakwenda Gikomba. Alivaa nguo yake ya kanisani, akaja nami hadi maabara, akamweleza Dakta mambo yale yale huku macho yakiwa sakafuni. Dakta alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamvutia kiti mbele ya hadubini, akamwonyesha pa kutazamia. Chini ya kioo, vijimea vya pipa lake na vile vya Kangema vilikuwa vimeng'ang'aniana. Teresiah alitazama kwa muda mrefu.

"Zinajuana," alisema.

Dakta alikohoa, akanisukumia lebo mpya. "Ndambuki, safari hii uandike sawasawa."

Mahali, nikaandika Kangema, kando ya mto. Tarehe, nikaandika ile ya nduma kung'olewa, mwaka 1976, kama alivyonitajia. Kwenye mstari wa tatu mkono ulisita. Shamba lilikuwa la shemeji zake sasa. Nilijua, naye alijua. Alikuwa amepakata kiondo chake, hanitazami. Na mimi ndiye niliyekuwa nusura nifukuzwe kwa lebo ya uongo.

Niliandika. Dakta aliisoma lebo, akamtazama yule mama, akaisoma tena, akatia sahihi.

Nimestaafu siku nyingi, na matope ya chupa ile yalikauka yakawa unga. Lebo niliibandua, bado ninayo. Ndiyo karatasi pekee inayosema kwamba shamba lile la mtoni ni la Teresiah Wangu.