Chumba cha Baba Gift

Mimi sina tabia ya kusikiliza simu za watu. Lakini mtu mzima akijificha nyuma ya choo chake mwenyewe, Jumamosi mchana, na kunong'ona, huyo ametaka kusikilizwa. Nikaepua maharage nikasogea ukutani.

"Chumba ni kizuri," alikuwa akiiambia simu yake mume wangu Abrahamu, mwalimu wa Kiingereza hapa Masasi, mwimba besi wa kwaya. "Kinamfaa mtu wa kawaida anayetaka kujiburudisha kidogo baada ya kazi. Unaingia upesi, huulizwi maswali, unatoka ukitaka."

Nikashika ukuta.

"Ila wale wa mashindano wawe na pumzi. Unaweza kuingia jioni ukatoka alfajiri. Na wenyeji ni wepesi mno, ukizubaa wanakuvua kila kitu."

Wanakuvua! Mwanamume huyu anayelala na soksi!

Nikaenda mbiombio kwa jirani yangu Hamida. Nilitaka kufarijiwa, yeye akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

"Mama Gift, kakodi chumba huyo. Na anakisifia! Mwenzio keshakijaribu, shoga."

Sasa mimi katika ndoa hii nina silaha moja tu. Nikichukizwa, navuta begi uvunguni na kutangaza kwamba narudi kwetu Kitangari. Hapo Abrahamu hunywea, huomba radhi hata kwa makosa ya majirani, nami nalirudisha begi. Halijawahi kuvuka mlango.

Nikamkuta anakoroga maharage yangu kama malaika.

"Baba Gift, hicho chumba kiko mtaa gani?"

"Chumba gani?"

"Kile cha watu wa kawaida na wa mashindano!"

Alinitazama, kisha akacheka hadi akakaa chini. Akanionyesha simu. Meza ya kijani, karata, na watu waliojipa majina ya wanyama. Kumbe ni poka, mchezo wa karata wa mtandaoni, na wenyewe huko pahali pa kuchezea wanapaita chumba. Abrahamu amepewa kibarua cha kukikagua na kuandika tathmini ya Kiswahili: je, kinamfaa anayecheza kupoteza muda? Na anayetaka ubingwa je? Dau lake ni vidonge vya bure tu vya majaribio, si fedha.

"Ningekuambiaje, na wewe mwenyekiti wa akina mama kanisani?"

Mwenye akili angecheka yakaisha. Mimi aibu ikinishika inageuka hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Na Hamida alikuwa ugani, masikio wazi.

"Karata!" nikapiga kelele. "Basi chagua. Chumba hicho au mimi. La sivyo nakwenda Kitangari leo hii!"

Nikangoja anywee. Hakunywea.

"Unajua chumba hiki kimenifundisha nini?" akasema taratibu. "Anayesukuma vidonge vyote mezani kwa makelele, mara nyingi hana kitu mkononi. Nenda, Mama Gift. Nisalimie mama mkwe."

Hata Hamida aliacha kucheka. Niliogopa, nasema kweli. Nilikunja nguo, nikampenda na kumchukia papo hapo. Nikirudi nyuma sasa, nani ataniogopa tena katika nyumba hii?

Akaniitia bodaboda yeye mwenyewe. Akalifunga begi kwa mpira, anapiga mluzi wa kwaya. Nikapanda.

"Twende, mama?" dereva akauliza.

Nikamtazama mume wangu. Uso mtulivu kabisa. Lakini mguu wa kulia ulikuwa umeukanyaga wa kushoto, na Abrahamu hajikanyagi ila akidanganya.

"Twende," nikasema.

Hatukufika hata dukani. Nilisikia mtu anakuja mbio pekupeku, kisha pikipiki ikavutwa kwa nyuma.

"Ethel! Shuka! Ethel, naacha chumba, naacha kila kitu!"

Tangu Gift azaliwe hajawahi kuniita Ethel. Nilishuka polepole, kama mwenyekiti.

Nilimruhusu amalize tathmini yake, sharti aiandikie ndani, mezani, kama mtu mwenye mke. Jioni tulipokuwa tunakula, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Hivi ungekwenda kweli?"

"Huko chumbani kwako, mtu akishaogopa akatupa karata zake, anaonyeshwa za mwenzake?"

Akashusha pumzi. "Haonyeshwi."

"Basi kula."

Nami nikala. Asubuhi ile mama alikuwa amenipigia simu kutoka Mtwara, yuko kwa dada yangu Julia hadi mwezi ujao, na nyumba ya Kitangari ameifunga kwa kufuli.