Futi Inayoanzia Kumi

Siwapendi watu wanaoniambia nipumzike. Dada yangu muuguzi ndiye kiranja wao. Akinipigia simu, kabla hata ya salamu kuisha, ataniuliza nimelala saa ngapi, utadhani mimi ni mgonjwa wa wodini kwake. Mume wangu, mwalimu wa hesabu, hasemi kitu. Yeye huniangalia tu nikivaa viatu vya kazi Jumapili asubuhi, na huko kuangalia kwake kunaniudhi kuliko maneno. Karakana ya vitanda niliyoachiwa na baba ilikuwa na mafundi wawili na mlango usiofungika. Leo ina mafundi tisa na mashine nne. Haikukua kwa mimi kulala.

Lakini aliyenichefua kuliko wote alikuwa fundi wangu mkuu. Jina lake la kazini ni Taratibu, na alilipata kihalali. Alianza kazi kwa baba nikiwa na miaka sita, na ndiye aliyenifundisha kushika randa. Kila siku baada ya chakula cha mchana alitandika magunia nyuma ya rundo la mbao, akafunika uso kwa kofia, akalala dakika ishirini. Baba alimwacha. Mimi nilivaa miwani ya mbao kwa miaka kumi na moja, mpaka ilipokuja kazi ya vitanda arobaini vya bweni la chuo cha wauguzi. Siku hiyo nililipiga teke gunia lake.

"Amka. Mchezo huu umekwisha leo."

Alikaa, akapangusa uso. "Bosi, mkono uliochoka haukati mbao, unakata vidole."

"Basi kata vidole, ila vitanda viishe."

Wenzake wakacheka, kile kicheko cha kumfurahisha bosi. Yeye hakucheka, na hakulala tena mchana. Nikafuta na Jumapili za wote. Wiki tatu nzima mimi nilikuwa wa kwanza kufungua na wa mwisho kufunga. Asubuhi moja nilitia sukari ya chai kwenye kopo la gundi, nikaikoroga vizuri kabisa. Nikajiambia ni jambo dogo.

Hapa lazima nieleze habari ya futi, ile ya utepe wa chuma. Kile kibati cha mwanzoni hulegea kwa kuangushwa, na ukipimia hapo kinakudanganya. Kwa hiyo kwetu hatuanzii mwanzo. Tunaanzia kwenye sentimita ya kumi, kisha mwishoni tunairudisha hiyo kumi: ukitaka mbao ya mia na tisini, unaweka alama kwenye mia mbili. Taratibu alinifundisha hivyo kwa kunigonga utosini na penseli. "Anzia kumi, rudisha kumi." Tena vitanda vikiwa vingi hatupimi kimoja kimoja. Tunakata kigezo, kipande kimoja cha mbao, na kila fundi anakifuata. Kigezo cha mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, nilikikata mwenyewe, simu nimeibana begani, nikigombana na mtu wa vanishi.

"Nikipime tena?" aliuliza Taratibu nilipomkabidhi.

"Ukipime lini, mwaka kesho? Kata."

Akakata mifumbati themanini.

Ijumaa matroni wa bweni alikuja na godoro moja la kujaribia. Tukalitandika kwenye kitanda cha kwanza, likagoma. Kichwani lilikaa, miguuni likapanda juu ya ubao na kuchungulia nje. Tukajaribu cha pili, cha tatu, cha nne. Matroni, mwanamke mrefu, akavua viatu akajilaza juu ya mbao tupu, nyayo zake zikagota ubaoni huku magoti yamesimama.

"Wanafunzi wangu walale wamechuchumaa?" aliuliza, akiwa bado amelala pale. "Wanaingia Jumatatu, si hii, ile inayofuata."

Damu ilinipanda. Sikutafuta kigezo, sikutafuta futi. Nilimtafuta Taratibu.

"Wewe," nikamwambia mbele ya matroni na mafundi wote. "Miaka yote ulikuwa unalala chini. Nilipokukataza, ukaamua kulala umesimama."

"Bosi, kigezo kilikuwa chako. Nilitaka kukipima, ukanikataza."

"Usinijibu. Chukua vyako uondoke. Mtu anayetaka kulala akalale kwake."

Hakupandisha sauti. Alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya benchi. Akachukua msumeno wake na randa yake ndogo, ile niliyojifunzia, akapita katikati yetu. Mafundi wote waliinamisha macho. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Furaha hiyo ilidumu mpaka jioni.

Jioni nilirudi nyumbani na kigezo mkononi nikiwa na hasira ya kumwonyesha mume wangu ujinga wa watu. Juu yake nilikuwa nimeandika kwa penseli, kwa mwandiko wangu mwenyewe, mia na tisini. Mume wangu alichukua rula yake ya darasani, akapima mara moja, akapima tena, akaniangalia.

"Mia na themanini," alisema. "Ile kumi uliipeleka wapi?"

Nilikaa chini. Nyani haoni kundule, na mimi langu nilikuwa nimeliandika kwa penseli. Bila Taratibu hakuna aliyeweza kusimamia mifumbati themanini mipya kwa siku tisa. Lakini si hilo lililoniuma zaidi. Nilikuwa nimemfukuza mtu kwa kosa langu, mbele za watu, tena nikamtukana. Nilitaka arudi, na nilitaka anisikie nikisema nimekosa.

Jumamosi saa saba mchana nilikuwa mlangoni kwake. Mkewe alikuwa barazani anachambua mchele. Hakusimama.

"Amelala," alisema.

"Mama, naomba umwamshe. Dakika moja tu."

"Wiki tatu ulimnyima dakika ishirini. Leo simwamshi kwa moja yako."

"Basi nitamsubiri."

"Umekuja kumwomba radhi, au umekuja kwa sababu kazi imekushinda?"

Ningeweza kumjibu. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini sikuzoea kuhojiwa na mtu aliyekaa na ungo mapajani. "Nitazungumza naye mwenyewe," nikasema.

"Haya. Benchi hilo hapo."

Lilikuwa benchi la mkono wa Taratibu, lenye mgongo ulioinama kidogo mahali panapostahili. Nilikaa, nikayapanga maneno yangu. Mchele ulikuwa unapepetwa taratibu, na ukuta ulikuwa na kivuli.

Nilipofumbua macho, kivuli kilikuwa kimevuka ua mzima. Shingo ilikuwa imekakamaa na nilikuwa nimefunikwa shuka. Ungo haukuwepo. Yule mama alikuwa anaanua nguo kambani.

"Ameamka?" nikauliza.

"Ameamka, amekula, ametoka."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Kuna karakana ya milango walimtaka tangu mwaka juzi, akawa anawakatalia. Jana walipiga simu tena. Walitaka jibu leo kabla ya saa tisa, tena aende mwenyewe akaseme." Akakunja shati. "Sasa ni saa kumi."

"Kwa nini hakuniamsha?"

"Mimi nilitaka nikuamshe. Alinikataza. Alisema hajakuona umelala tangu ulipokuwa mtoto unalala kwenye magunia yake, baba yako akiwa kazini. Akakuletea shuka, akakaa hapo pembeni yako." Alinionyesha mwisho wa benchi. "Alikungoja karibu saa nzima. Akaniuliza umekuja kusema nini."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sijui. Hukuniambia."

Nilisimama, miguu ikiwa na ganzi. Nikamwuliza karakana hiyo iko upande gani.

"Washafunga. Jumamosi hawapitishi saa tisa na nusu," alisema, akachukua shuka lake mikononi mwangu, akaingia nalo ndani.